Siku Niliyompelekea Baba Mkwe Chakula Mnarani

Kwetu Rungwe theluji hatuna, tusidanganyane. Tuna mvua, tuna ukungu, tuna baridi ya kumfanya mgeni kutoka Dar avae blanketi saa sita mchana. Lakini zipo siku mvua ya mawe hunyesha huko juu mlimani mpaka majani hayaonekani, ardhi yote nyeupe pee, na watoto wa kijiji cha Lupepo hupiga kelele kwamba theluji imeanguka. Siku moja ya namna hiyo nilipanda mlima kumpelekea baba mkwe wangu chakula. Nimeisimulia safari ile mara nyingi, maana watu wanapenda kuisikia, na mara zote nimeruka kipande. Leo siruki kitu.

Baba mkwe alikuwa mlinzi wa moto. Juu ya Lupepo, ukishaimaliza migomba na mashamba ya chai, ukavuka msitu wa misonobari ya kupandwa, kuna sehemu ya mlima iliyo wazi. Hapo pana mnara wa mbao, na chini yake kibanda cha mabanzi. Mlinzi anapanda ngazi alfajiri, mchana na jioni, anatazama pande zote, na akiona moshi anampigia simu msimamizi wa shamba la miti. Mwisho wa kiangazi watu wanachoma mashamba ili wapande, na mzembe mmoja tu anatosha kumaliza miti ya miaka ishirini. Kwa hiyo walinzi wawili walikuwa wakikaa kule kwa zamu mpaka mvua zikolee, na mmoja wao alikuwa yeye, mzee wa miaka sitini na kitu, mkaidi, asiyekubali kuambiwa apumzike.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Tukuyu, karibu na stendi. Nimezaliwa hapo hapo mjini, baba Mnyakyusa, mama Mnyakyusa, lakini Kinyakyusa changu ni cha kuombea maji. Mambo ya mila nilikuwa nayasikia kwa mbali tu, kama watu wanavyosikia habari za vita vya nchi nyingine. Halafu nikaolewa Lupepo.

Nieleze, maana wengine hamjui. Kwa mila yetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hamsemeshi, halitaji jina lake, hapiti njia anayopita yeye. Mkikutana ghafla, wewe mwanamke unaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka apite. Naye anakuheshimu hivyo hivyo. Akijua uko jikoni anakohoa kabla ya kukata kona, ili upate muda wa kujificha. Kinyakyusa tunaita ukutila. Si chuki, wala si adhabu, ni heshima, na siku hizi wengi wameiacha. Ukoo nilioolewa haujaiacha hata chembe.

Wiki ya pili ya ndoa niliingia nyumba kubwa na chai mkononi, nikamkuta mzee amekaa, nikapiga goti kwa adabu zangu zote za mjini: "Shikamoo, baba." Mzee aliruka! Kiti kilienda huku, kofia kule, yeye akatokea mlango wa nyuma akiwa ameziba uso kwa koti. Nje kulikuwa na wanawake wanamenya maharage. Wee, walicheka mpaka wakalala chini. Jioni mashangazi wa mume wangu wakaniweka kati, wakanisema kwa Kinyakyusa nusu na Kiswahili nusu, na nilichoelewa ni kwamba mama yangu hakunifunda. Wakaniita mtoto wa stendi. Mama yangu, jamani, aliyenilea kwa jasho lake!

Mimi hasira ninazo, sikatai. Zangu si za kupiga kelele. Nikasema moyoni, sawa, mnataka heshima, nitamheshimu huyu mzee mpaka achoke yeye mwenyewe. Na kweli, kwa miaka saba sikukosea hata mara moja. Nilikuwa naijua kofia yake, gambuti zake na mgongo wake. Nilijua kikohozi chake cha kupita jikoni na kikohozi chake cha ugonjwa, na sikuwahi kuvichanganya. Watu wakaanza kunisifu. Mashangazi wale wale walisema, mkamwana wa pale anajua kutila kuliko waliozaliwa kijijini. Nilizipokea sifa hizo, na ndani nilikuwa bado namkasirikia.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimedondoka lakini hazijakolea. Yule mlinzi mwingine, ambaye ndiye huwa anabeba chakula kutoka nyumbani, alikuwa ameshuka msibani Kisiba. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa Tunduma kwenye foleni. Mama mkwe magoti hayampandishi hata kilima cha kisimani. Akanijia asubuhi na kapu tayari limefungwa, ndizi zilizopikwa na maharage, chupa ya chai, kiberiti, chumvi.

"Mwana wangu," akasema, "mzee wangu kule ana siku mbili bila chakula cha maana. Na baridi ni kali, kali fijo."

"Mama, nina magauni ya harusi ya Jumamosi."

"Magauni hayafi njaa."

Ningefanyaje? Nikabeba. Akanisindikiza mpaka njiani, akanirudia mambo ninayoyajua. Ukifika karibu, kohoa. Yeye atakohoa kujibu, ataingia ndani na kufunga mlango. Weka kapu kwenye kisiki mbele ya kibanda, chukua kapu tupu la safari iliyopita, geuka, teremka. Nikamjibu, mama, mimi nimefuzu somo hilo, na akacheka.

Bodaboda ilinifikisha mwisho wa mashamba ya chai. Kutoka hapo ni miguu. Ndani ya misonobari kulikuwa kimya, matone tu, na ardhi ilikuwa na unyevu. Nilipanda nikinung'unika peke yangu. Nilimsema mume wangu, nikamsema yule aliyeenda msibani kama vile marehemu alichagua siku, na nikamsema mzee. Mtu mzima ana wana wanne, migomba, ng'ombe wawili, na bado anang'ang'ania kukaa mlimani kama mkimbizi. Nilikuwa na hoja nyingi nzuri.

Nilipotoka kwenye miti nikasimama. Mbele yangu palikuwa peupe. Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha huko juu alfajiri, na kwa baridi ile haikuyeyuka. Nyasi zimelala chini ya barafu, mnara umesimama katikati ya weupe, ngazi zake zinang'aa. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Kwa dakika moja nzima nilisahau hasira, nikatoa simu nikapiga picha mbili za kuweka status. Picha hizo ninazo mpaka leo na siwezi kuzifuta wala kuziangalia.

Nikakaribia, nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena kwa nguvu, kikohozi cha pili nikakivuta mpaka koo likauma. Mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa na hakuna moshi. Nikafikiri, amelala. Nikaenda mpaka kwenye kisiki macho chini, nikapangusa barafu, nikaweka kapu. Kapu tupu halikuwepo. Hapo ndipo nikasikia kutoka ndani: ngo, ngo, ngo. Mti juu ya ubao, mara tatu.

Hiki ndicho kipande ninachokiruka siku zote. Nilisikia. Nikisimulia huwa nasema upepo ulikuwa mkali, na watu wanatikisa vichwa. Hapakuwa na upepo. Nilisikia kama ninavyosikia cherehani yangu. Na nilichofikiri ni hiki: huyu mzee sasa hata kukohoa kwangu anaona tabu, ananifukuza kwa fimbo kama anayefukuza kuku. Nimepanda mlima kwenye barafu nimemletea chakula, malipo yake ngo ngo ngo. Nikasonya. Msonyo mrefu, wa kutoka tumboni. Nikageuka nikaondoka.

Sikuwa nimefika mbali ndani ya misonobari mawe yakaanza tena. Safari hii yalikuwa makubwa, yanagonga kichwa mpaka machozi. Nikajibanza chini ya mti mnene, kitenge kichwani, nikaona njia inafutika. Palikuwa na giza kidogo, na mlio ule juu ya matawi ulikuwa wa kutisha. Na nilipokaa pale bila la kufanya, akili ikaanza kurudi. Baba mkwe hajawahi kugonga. Miaka saba, huyu mtu anakohoa. Anakohoa akiwa na haraka, anakohoa akiwa amelewa pombe ya sikukuu, alikohoa hata siku ya mazishi ya mdogo wake, machozi yanamtoka, ili mimi nijifiche. Mbona leo amegonga?

Nikajijibu mwenyewe upesi: mafua. Sauti imekauka. Halafu nikakumbuka kwamba hapakuwa na moshi. Na pale peupe, kutoka mlangoni mpaka kwenye kisiki, mpaka kwenye ngazi, hapakuwa na alama hata moja ya mguu. Mlinzi wa moto ambaye hajapanda ngazi mpaka saa nne?

Mawe yalikoma baada ya dakika ishirini hivi. Nataka hili lieleweke. Dakika ishirini ni za mvua. Muda uliobaki, na ulikuwa zaidi ya saa nzima, ni wangu mimi. Nilikaa chini ya ule mti mikono kwapani nikipigana na nafsi. Nikirudi nikafungua mlango nikamkuta mzima, amekaa anaota moto, je? Nitakuwa nimemwaibisha mara ya pili. Nilisikia kicheko cha wale wanawake wa maharage kana kwamba wako nyuma ya mti. Nilisikia "mtoto wa stendi". Sikuogopa mila, kusema kweli. Niliogopa kuchekwa. Na kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi, kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilisema, mwache, alitaka mwenyewe tusionane. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi kwa sababu ya kapu. Nilijiambia nitachungulia tu kutoka kwenye miti, kama kapu limechukuliwa basi yuko salama, nateremka zangu. Nikachungulia. Kapu lilikuwa pale pale juu ya kisiki, limefunikwa na mawe ya barafu mpaka kwenye mpini. Nilikimbia. Nilianguka mara mbili.

Mlangoni nikasimama tena! Unaweza kuamini? Nikageuza mgongo, nikasukuma mlango kwa kisigino, nikaingia kinyumenyume. Mtu anakufa mle ndani na mimi naingia kama kaa.

"Hodi," nikasema huku nikitazama nje. Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya chai.

Nilisikia anahema. Nikatazama chini, pembeni, nikaona gambuti moja, na mguu mwingine ambao haukuwa umekaa inavyopaswa. Suruali imechanika chini ya goti na kilichokuwa pale sitakielezea. Alikuwa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa mabanzi, fimbo mkononi. Aliponiona akainua koti akaziba uso. Nguo zake zote zilikuwa zimelowa, na mikono iliyoshika koti ilikuwa ya rangi ya majivu.

Baadaye tulikuja kujua kwamba aliteleza kwenye ngazi alfajiri, barafu ya kwanza ilipokuwa inaanza, akajikokota kwa tumbo mpaka ndani. Simu yake aliiacha juu mnarani, maana mtandao unapatikana huko tu. Moto ulikuwa umezimika na kiberiti kimelowa.

Nikafanya kazi. Hapo sijilaumu, nilifanya. Namba ya msimamizi ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani. Nikapanda ule mnara, ngazi zote zina barafu, mimi ninayeogopa hata kupanda stuli kutundika pazia. Juu kabisa nikapiga. Msimamizi akasema wanakuja na machela, lakini gari litaishia kwenye chai, na vijana wake wako upande wa pili wa shamba. Itawachukua saa nne, labda tano. Nikamtukana. Alinisamehe baadaye.

Nikashuka nikawasha moto kwa kiberiti cha kapuni na kuni za chini ya kitanda, nikasogeza chai. Na sasa tatizo: huyu mtu lazima avue nguo zilizolowa, na mimi ni mkamwana. Nikakaa mbele ya moto nimempa mgongo.

"Moto," nikasema, "mwambie mwenye kibanda avue koti na shati. Sweta langu hili hapa linakuja."

Nikavua sweta nikalirusha nyuma bila kutazama. Nikamsikia anajigeuza kuelekea ukutani, kisha sauti ya kitambaa kilicholowa kikivutwa, na kuguna kwa maumivu. Halafu, jamani, akajibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyofikiri miaka yote.

"Moto, mwambie aliyekuja, ndaga."

Ndaga ni asante, na ni pole pia. Nikabana midomo nisilie.

Nilimpa chai kwa kuupitisha mkono nyuma, naye akaipokea kwa mikono inayogonga kikombe. Alikuwa anatetemeka sana. Baadaye kutetemeka kukapungua na nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani amepata joto. Halafu nikamsikia anaanza kuongea na marehemu mdogo wake habari za ng'ombe. Hapo niliogopa kweli. Nikachukua blanketi na vitenge vyangu viwili, nikarudi nyuma kwa makalio mpaka mgongo wangu ukagusa wake. Nikatufunga wote pamoja. Alikuwa wa baridi kama sakafu ya saruji. Hakukataa. Tulikaa hivyo, mgongo kwa mgongo, yeye anatazama ukuta na mimi natazama moto, na kila akinyamaza nilimsukuma kidogo kwa bega.

"Moto, mwambie asilale."

"Moto, mwambie silali."

Akaanza kutetemeka tena, na mara hii nilishukuru. Akili ikamrudia. Nje ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni. Akasema polepole, akichagua maneno:

"Moto, muulize aliyekuja. Asubuhi, nilipogonga. Alisikia?"

Swali lenyewe lilinifikia mgongoni kabla ya masikioni, kwa sababu alivuta pumzi kwanza na nikaisikia. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema kweli. Hatuonani, kuna moto katikati wa kubeba aibu, mtu hatapata nafasi nzuri kuliko hiyo.

"Moto," nikasema, "mwambie hakusikia. Kulikuwa na upepo."

Mgongo wake ulikuwa umetulia.

"Upepo wa huku ni mkali fijo," akasema mwishowe. Na hatukuongea tena mpaka watu wa machela walipofika, wanaita kutoka kwenye miti, na mimi nikajifungua vitenge haraka nikasimama nje ili wasitukute hivyo.

Tukuyu walimfunga mguu wakampeleka Mbeya, na Mbeya wakaukata chini ya goti. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimweleza mume wangu koridoni, mimi nimesimama nyuma yake: jeraha lilikaa wazi na baridi muda mrefu, damu haikuwa inapita, angewahi mapema kidogo labda tungeuokoa. Alisema "labda". Alisema "kidogo". Mume wangu akanishika bega akasema, bila wewe baba angekufa. Nikasema ndiyo.

Nyumbani nikawa shujaa. Mama mkwe alinifunga kitenge kipya mbele ya watu. Mashangazi walikuja na ndizi, na yule aliyeniita mtoto wa stendi alisimulia hadithi ya kutembea kinyumenyume na ya mgongo kwa mgongo, akasema hajawahi kuona mkamwana wa namna hii, ameokoa mtu na heshima hakuivunja. Kanisani nilitajwa. Kila aliponisifu mtu nilisema tu, upepo ulikuwa mkali. Wakadhani ni unyenyekevu.

Na mila ikaendelea kama kawaida, ila sasa yeye hakuweza kunikimbia. Alikaa siku nzima kwenye chumba cha mbele, mguu mmoja kwenye stuli, magongo mawili ukutani. Mimi nikikohoa mlangoni, yeye hana pa kwenda, anageuza tu uso dirishani. Nilikuwa naweka sahani, naona upande wa shingo yake, natoka. Nilianza kukosa usingizi. Mishono ikaanza kwenda upande, mteja mmoja akanirudishia gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Mume wangu akauliza, una nini wewe? Nikasema baridi.

Ilinichukua miezi mitatu. Siku hiyo mama mkwe alikuwa uani anaanika maharage. Nilipika chai, nikaibeba, nikafika mlangoni na sikukohoa. Niliingia uso mbele. Nikaweka chai, nikapiga goti, nikamtazama. Ni mtu wa macho makubwa, yenye huzuni, kope ndefu kama za mume wangu. Sikuwa najua. Mkono wake ulianza kwenda usoni kujifunika, kisha ukaishia njiani.

"Baba," nikasema, "sikuja kuvunja heshima. Nilisikia ulipogonga. Hapakuwa na upepo. Nilisikia na nikaondoka, halafu nikakaa chini ya mti zaidi ya saa nzima. Mguu wako ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, au anifukuze, au aniitie wanawe. Niliyataka hayo. Alinitazama muda mrefu, mtu ambaye hakuwahi kunitazama.

"Najua ulisikia," akasema. "Ulisonya."

Nikainamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka.

"Inuka. Sikiliza na mimi." Sauti ilikuwa ile nyembamba ya mlimani. "Ulipokohoa mara ya kwanza nilikuwa macho. Nilikusikia unapangusa kisiki. Sauti nilikuwa nayo, mwanangu. Nzima kabisa. Ningeita mara moja tu, njoo, nimevunjika. Niliona haya kumwita mkamwana."

Akageuza macho kwenye stuli, pale suruali ilipokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Nikachukua fimbo," akasema.